Pishi ya Shabani

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kibarazani hapo Ujiji, goti limepungua maumivu. Bado unalikanda kwa maji ya chumvi? Huku tu wazima, mimi na mama mkwe wangu, Bi Zaina.

Umeniuliza tena nitarudi lini. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Tangu mume wangu Shabani atoke gereji siku zile za risasi asionekane tena, mwili wake haujapatikana, na Bi Zaina hakukubali kwamba amekufa. Shehe wetu alisema siku tutakapokubali sote wawili, ndipo nianze eda. Basi miaka yote hii sikukaa eda, sikuolewa, sikuondoka. Kumwacha mama wa watu akingoja peke yake kulinishinda.

Sasa wamefungua bustani ya kuwakumbuka waliouawa, huko juu, njia ya Kiriri. Kila marehemu ana jiwe dogo lenye jina, na familia inapanda ua pembeni. Nilimpeleka Bi Zaina mwishoni mwa mwezi wa Ramadhani. Alitembea polepole, mimi nikimsomea majina. Tukafika kwenye jiwe la Haruna, aliyefanya kazi gereji moja na Shabani. Mama yake alikuwa amepanda mchaichai.

"Huyu mama naye!" Bi Zaina akacheka. "Anataka mutoto wake anywe chai." Kisha akakata jani moja, akalinusa.

Karani wa bustani akauliza kama tuna mtu wa kuandikisha. Akanitazama. "Na we mama, uko muke ao mujane?"

Bi Zaina ndiye aliyejibu. "Iko muke! Bwana yake atarudi. We andika wafu wako."

"Apana kasirika, mama."

"Mi sikasirike. Mi naenda kwangu."

Siku moja kabla ya Idi, mchana, tulipima zaka ya fitri, pishi moja ya mchele kwa kila aliye hai nyumbani. Kila mwaka Bi Zaina hupima tatu: yangu, yake, na ya Shabani. Ya Shabani huijaza mpaka inamwagika, kwa kuwa mwanawe alikuwa mlaji. Mimi hushika kikapu. Safari hii alipima yangu, akapima yake, akachota ya tatu. Akaishika juu ya kikapu muda mrefu, punje zinadondoka mkekani. Kisha akairudisha guniani.

"Funga gunia, Mwajuma."

Nilifunga. Mama, nilidhani siku hiyo ikifika nitapumua. Badala yake niliogopa. Nilikuwa nimezoea kuwa mke wa mtu anayekuja. Nikakumbuka alivyokuwa akigonga geti kwa spana, mara mbili, ndipo aite. Nikalia nimeshika kamba ya gunia. Bi Zaina akaniambia, "Lia tu, mutoto wangu. Mi nilikukatalia sana."

Baada ya Idi tulirudi bustanini. Yeye alitia dole gumba kwenye daftari la karani, mimi nikatia sahihi. Tumempandia Shabani mrehani.

Leo ni siku ya tatu ya eda. Chumba ni kilekile, ukuta uleule, na sitatoka mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Lakini siku hizi nazihesabu, Mama. Zile za nyuma hazikuwa na hesabu.

Zikiisha, siwezi kumwacha Bi Zaina. Utatupokea wawili? Nimemwuliza kama atakuja. Amesema dagaa wenu wa Ujiji ni chumvi tupu. Hakusema apana.

Nisalimie mjomba anayekusomea barua hii, asiruke mstari. Dada yangu na wanawe, waambie nawakumbuka wote. Na yule jirani anayekuchotea maji, Mungu amlipe.

Ni mimi mwanao,
Mwajuma, mjane wa Shabani