Makucha ya trekta na kiti kinachokungoja

Kinama, Bujumbura
Tarehe 9 Machi 2025

Mupendwa Yaya Namegabe,

Salamu zitanisamehe bahati yangu ikizitangulia: mudogo wako Trésor sasa ana trekta. Trekta nyekundu, yenye beleshi kubwa la chuma mbele, na watu wa hapa wananiita Patroni mpaka naona haya kidogo. Kidogo tu.

Sasa nakusalimia. Uko namna gani huko Kigoma? Unalala? Kidonda kimekauka? Sisi tuko, Mungu anatubeba. Mama yetu Mwavita magoti yanamusumbua wakati wa mvua, lakini sauti yake ya kutugombeza iko nzima kabisa.

Patricia, yule muuza vitenge, aliposhuka na boti alituambia yote. Kwamba gogo lilikuponda mukono wa kuume wakati unapitisha munyororo chini yake, na kwamba daktari hakuweza kuuokoa. Yaya, niliacha kula. Mi, unanijua mbele ya sahani. Tena akatuambia umesema haurudi Buja, juu mutu wa mukono moja ni muzigo kwa mama yake. Neno hilo lilituuma sana.

Basi nikaingia kazini. Trekta iko kwenye depo ya miti ya Mama Spès, njia ya bandari, mule magogo ya mikaratusi yanashushwa. Na huko pia wabebaji walikuwa wanaingiza mikono chini ya gogo kupitisha munyororo. Nikasema apana, kuanzia leo chuma ndicho kitashika.

Nikatafuta bati nene la boti ya zamani iliyokatwa bandarini, nikalikata makucha manne, nikayafunga juu ya beleshi kwa bawaba, yafunguke na kufunga kama taya. Viungo vyote nimevisude mwenyewe, nikaunga chuma na chuma kwa moto. Ya kuyasukuma, nikatoa jeki ya mafuta iliyokuwa inainua rimoki moja iliyokufa, lile tela la kumwaga muchanga. Mainjinia wa Ulaya wangeomba kupiga picha na mi.

Siku ya kujaribu, depo nzima imesimama inaangalia. Makucha yakauma gogo vizuri sana. Halafu yakakataa kuliachia. Jeki ile, Yaya, inajua kusukuma tu, haijui kurudi. Rimoki ilikuwa inashuka kwa uzito wake yenyewe. Hilo nililisahau. Gogo likabaki hewani kama nguo iliyoanikwa.

Mama Spès akaniambia, "Trésor, nilikuomba mikono, umeniletea mbwa."

"Mama, imependa kazi."

"Basi iambie saa ya kwenda nyumbani imefika."

Nikafunga springi mbili kubwa za kuvuta makucha nyuma wakati mafuta yanarudi. Sasa yanashika, yanaachia, taratibu kama mama anaweka mutoto kitandani. Hakuna tena mutu anayeingiza hata kidole chini ya gogo.

Sasa sikia neno lenyewe. Levye ya makucha, ule mukono wa kuyaendeshea, ilikuwa upande wa kuume. Nimeihamisha kushoto, na ya beleshi pia. Usukani nimeuwekea kishikio cha duara, unazunguka kwa mukono moja. Watu wakaniuliza kama nimelewa. Sylvère, aliyekuwa dereva, alilalamika kila siku. Sasa amepata lori la kwenda Gitega, ameondoka bila machozi. Kiti kiko wazi. Mi nilijaribu kuendesha, nikaangusha mulango wa depo.

Kazi hii haiombi mukono wa kuume, Yaya. Inaomba mutu anayejua gogo likitaka kubiringika linaanzia wapi, na hilo we umelijua kwa bei mbaya. Mama Spès amekubali uje ujaribu. Panda boti na Patricia. Mama yetu ameshafua shuka zako; anasema yeye hakuuliza habari za mukono, aliuliza mutoto wake anarudi lini.

Muke wangu Christa anakusalimia, na jirani Darius, na hata Sylvère pamoja na hasira zake. Nisalimie Patricia. Mungu akufunike usiku, akupunguzie maumivu, akuvushe ziwa salama.

Mi mudogo wako, nakupenda hata nikinyamaza, na unajua sinyamazi,

Trésor

Christa amesoma barua, amecheka pale mwanzoni, anasema nisiitume hivi. Basi. Kiti ni cha kweli. Levye ya kushoto ni ya kweli. Mama Spès amekubali, ni kweli. Lakini niliogopa nikikuita kwenye kazi ya mutu mwingine utakataa, na mudogo wako usingeweza kumukatalia. Trekta ni ya Mama Spès. Mi nasude tu. Sina hata gurudumu moja.