Kompyuta Nzito na Baiskeli ya Magamba

Mjukuu wangu Neema,

Huku Nsemulwa tu wazima. Mvua zimeanza vizuri, na bibi yako, mke mwenzio, anakusalimia huku akinisimamia nisikosee herufi.

Umeuliza kama tuitupe ile kompyuta uliyotuachia, maana imekuwa nzito. Nakiri kwamba nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza, niliinyanyua. Uzito ulikuwa uleule. Bibi yako alicheka mpaka akakaa chini.

Ila neno hilo lilinikumbusha ujana wangu. Siku moja nilikuwa natoka Magamba kwenda mjini na baba, baiskeli ikawa nzito kweli. Nikapaka mnyororo mafuta, nikajaza upepo, wapi. Baba akafungua mzigo, akainua gurudumu la nyuma na kulizungusha. Lilizunguka bila kukwama.

"Baiskeli nzima," akasema. "Wewe ndiye usiyejua kukataa."

Nilikuwa nimebeba mihogo ya shangazi, jiwe la kusagia la jirani, na jogoo wa mtu ambaye hata jina sikulijua.

Basi nikatazama kompyuta nayo imebeba nini. Nikakuta programu kumi na moja zinajifungua zenyewe kila ikiwashwa, nyingi hatujawahi kuzitumia. Nikazizuia, nikaiwasha upya. Siku hizi inakuwa tayari chai ikiwa bado ya moto.

Nimebakiza moja tu, ile inayotuonyesha picha zako. Nayo ni nzito, lakini bibi yako amesema huo mzigo tutaubeba.

Ni mimi, babu yako.