Vipimo Vyako Vilikuwa Sahihi

Dada Atieno,

Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini miaka yetu kwenye maabara ya fizikia ilitufanya tuitane hivyo, na leo sina jina lingine la kukuitia.

Unakumbuka utafiti wangu wa kutengeneza sola kwa rangi ya maua ya magugu ya ziwani? Nilipima umeme wake siku tatu tu. Ulikuwa kidogo mno. Nikaketi, nikabuni namba za miezi mitatu, nikizipandisha na kuzishusha kidogo ili zifanane na za kweli. Makala ikachapishwa. Tulipiga picha, wewe ukiwa umenishika bega.

Kisha Profesa akakupa wewe kazi ya kurudia vipimo vyangu.

Kila asubuhi ulirudi kutoka ziwani na ndoo ya maua, sketi imelowa hadi magotini. Kila jioni umeme ulikuwa uleule kidogo. "Adhis, nakosea wapi?" uliniuliza. Nikakujibu, "Labda hukaushi vioo vya sola vizuri." Ukavikausha upya, vyote, nami nakutazama.

Siku ya mkutano Profesa alisema mbele ya watu, "Mwenzako aliweza. Wewe unalipua kazi." Ulinigeukia, ukingoja niseme neno. Nikainama kufungua daftari. Wiki iliyofuata ukafungasha vitu vyako. "Wacha tu," uliniambia mlangoni, "fizikia si yangu." Na ukanikumbatia.

Mwezi uliopita mwanafunzi mgeni aliniomba daftari la vipimo vyangu vya awali. Sikuwa na la kumwonyesha. Nikaenda kwa Profesa, nikamwambia yote. Makala imeondolewa, shahada yangu inachunguzwa. Siku hiyo Profesa aliniuliza tu, "Na Atieno?"

Vipimo vyako vilikuwa sahihi, dada. Vyote. Nimeiandikia idara hivyo, na barua hii naiacha wazi ili waliokucheka nao waisome.

Jumamosi nilikuja kwenu Kisian nikuambie ana kwa ana. Sikujua umehamia Siaya kufundisha. Mama yako alinikalisha, akanipikia chai, akanishika mkono. "Nyathina, mwanangu, asante sana. Atieno aliniambia vile ulimsaidia huko chuo." Nikanywa ile chai mpaka ikaisha. Nikaijibu asante yake, "Karibu, Mama," nikaondoka.

Tafadhali msomee Mama barua hii. Mimi nilishindwa kumwambia.

Aliyekuwa dada yako,
Adhiambo