Nguzo za Baraza Lako

Mpendwa Dada,

Najua hukujifunza kusoma. Meseji zote za mwanao Kulwa kutoka Tabora ni mimi niliyekuwa nakusomea, na nilikuwa nachelewa kidogo kuanza, makusudi, ili unitazame mdomoni ukisubiri. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho na wewe huna. Kwa hiyo nikimaliza barua hii nitakuja kuisoma kwa sauti barazani kwako, karibu na kigoda chako. Hakuna aliyekihamisha.

Nilikuonea wivu tangu siku niliyoletwa hapa Magamba kuwa mke wa pili. Ulipokufa nilidhani wivu nao utazikwa. Haukuzikwa.

Kiangazi cha kwanza bila wewe, mume wetu alikwenda mjini Mpanda kwa baiskeli, akarudi na dumu la oili chafu kutoka gereji. Nikafurahi. Nguzo za baraza langu zilikuwa zimepauka, na mchwa walikuwa wameshachora njia zao za udongo mpaka usawa wa goti. Nikamtengea maji ya kuoga, nikasubiri. Akapita mbele ya mlango wangu na lile dumu, akaenda kwako.

Alikwangua ukungu wa kijani kwa panga. Akaondoa udongo uliorundikana kwenye miguu ya nguzo, akafunga kitambaa kwenye kijiti, akaanza kupaka. Alipaka nguzo zote nne, mlango, fremu za madirisha, hadi mbao za ukingo wa paa ambako hakuna mtu anayeangalia. Alipofika chini alipiga magoti. Dada, nimeishi na yule mwanaume miaka tisa na sijawahi kumwona amepiga magoti. Hata kanisani huwa anainama tu. Siku hiyo alipiga magoti mbele ya nyumba isiyolala mtu.

Mama Shija, jirani yetu, alikuja kuomba chumvi. Akasimama katikati ya nyumba zetu mbili, akaangalia huku, akaangalia kule.

"Bi mdogo," akasema, "marehemu anang'aa kuliko wewe."

"Chumvi imeisha," nikamjibu.

Kilichoniuma ni kwamba zamani hata zangu zilikuwa zinapakwa. Unakumbuka kila mwaka kiangazi kikielekea mwisho nilikuwa nakwenda Majimoto, wiki nzima, kumsaidia mama kusafisha shamba la mpunga kabla ya mvua. Nikirudi nilikuta nguzo zangu nyeusi, zinanuka oili. Nilijua ni yeye. Mwaka mmoja nilimwambia asante, akacheka tu, akaendelea kula. Wewe unamjua, ni mtu asiyesema. Nikaichukua ile harufu kuwa ndiyo maneno yake kwangu, na usiku nilikuwa naacha dirisha wazi ili iingie ndani. Sasa wewe umekufa, na hata hiyo umeondoka nayo.

Basi mvua za kwanza ziliponyesha nilifanya jambo. Nilichukua mbegu za dodoki nikazifukia kwenye mguu wa nguzo yako ya kona, ile ya upande wa jikoni, na kila nikimaliza kuosha vyombo nilimwaga maji pale pale.

Siwezi kusema sikujua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda pasheni litambae kwenye nguzo zangu, nipate kivuli na matunda. Ukaja asubuhi, ukaling'oa bila hata kuniamsha. Nilipotoka nje ulikuwa umesimama na kijiti chenye kitambaa.

"Mti ukikumbatiwa na majani haukauki," ulisema. "Na usipokauka unaoza. Shika hiki, mdogo wangu, nikuonyeshe kupaka."

Nikakujibu mimi nimeolewa, sikuajiriwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Haya, bibi harusi. Ila mchwa hawajui harusi."

Sikukishika kile kijiti siku ile, wala siku nyingine.

Dodoki likakua. Likapanda hadi kwenye bati, likatoa maua ya njano, likaifunika nguzo yako isionekane. Mume wetu akauliza limetoka wapi. Nikasema limeota lenyewe. Aliniangalia, akaenda kwa ng'ombe wake.

Nilipokuwa naliangalia nilikumbuka siku zako za mwisho, nilipokuwa nakuogesha. Mgongo wako ulikuwa umebaki mifupa, na mimi na dodoki langu nilikuwa nasugua kwa haraka ili usishikwe na baridi. "Taratibu," ulikuwa unasema. "Mimi si sufuria." Tulicheka wote wawili, maji yakapoa. Nakumbuka hata siku hiyo nilikuonea wivu, kwa sababu yeye alikuwa amekaa nje ya mlango muda wote, akikusikiliza ukicheka.

Mwezi uliopita ndama alijikuna kwenye nguzo yangu, ikakatika chini kama muwa mkavu. Ndani ilikuwa vumbi tupu. Bati la baraza likainama mpaka usawa wa kichwa changu. Nilikaa pale chini ya bati nikalia, na mume wetu alipokuja nilimwambia yote niliyokuwa nimeyaweka moyoni.

"Nyumba yake tupu unaipaka, yangu yenye watu unaiacha iliwe. Zamani ulikuwa unazipaka zote."

"Mimi?" akasema.

"Wewe. Nikiwa Majimoto."

"Mama Limi, mimi sijawahi kushika oili ile kabla mwenzako hajaugua. Yeye ndiye alikuwa anapaka, zake na zako. Alikuwa anangoja uondoke."

"Na hukuniambia."

"Alinikataza. Alisema ukijua ni yeye utazikwangua."

Ni kweli ningezikwangua. Nikamuuliza kwa nini basi hakupaka zangu tangu ulipoondoka. Akasema ulimwachia wosia ukiwa kitandani. Ulimwomba asiache mchwa waingie kwako mpaka Kulwa atakapopata mke wa kumleta nyumbani, na kuhusu zangu ulimwambia asihangaike, umeshanifundisha. Alikuwa anangoja nipake mwenyewe.

Kisha akainuka, akashika lile bati lililoinama, akalitegemeza kwa mti.

"Na madodoki yanayoota yenyewe," akasema, "hayamwagiliwi maji ya vyombo."

Siku hiyo hiyo nililikata dodoki lako. Chini yake nguzo ilikuwa imelowa na laini, kidole changu kilizama mpaka kwenye kiungo cha pili. Nilimwita fundi, akasema sehemu ya juu bado nzima. Amekata mguu uliooza, akaisimamisha nguzo juu ya jiwe ili isiguse udongo tena. Imesimama. Lakini ukikaa kwenye kigoda chako utaona kwamba ni fupi kuliko wenzake, na utajua ni nani aliyeiozesha.

Nguzo yangu mpya ni ya mninga. Nimeipaka mwenyewe, na zile tatu za zamani pia. Nimepaka vibaya, oili imenitiririka mpaka kwenye kiwiko, na Mama Shija amesema nafanana na fundi wa pikipiki. Nilianza na zangu, Dada, sitakudanganya.

Kisha nikaja kwako. Dodoki moja nilikuwa nimelikausha, nikalitumia kusugulia ukungu wa nguzo zako, taratibu, kama ulivyokuwa unataka. Nilipofika chini nilipiga magoti. Hakuna njia nyingine ya kuufikia mguu wa nguzo. Sasa najua na yeye alipigia nini magoti, na wewe pia, miaka yote ile, mbele ya mlango wangu.

Wivu bado ninao. Ungekuwa hai ningekuita nikugombeze kwa kunifichia. Nilifikiri nina harufu moja ya kwangu peke yangu katika nyumba hii, kumbe nayo ilikuwa yako. Usiku wa jana niliacha dirisha wazi. Harufu ilikuwa inatoka kwako na kwangu, sikuweza kutofautisha.

Lala vizuri. Mchwa nawaangalia mimi.

Ni mimi mdogo wako, wa nyumba ya pili.