Spana ya Tisa kwa Kumi na Sita

Bukiriro, Ngara
9 Desemba 1996

Dada yangu mpendwa Ernesta,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umeamka salama hapo Nyamahanga, wewe na shemeji na wajukuu wote, na lile goti lako liwe limetulia na baridi hii ya mvua. Sisi huku miili ni mizima. Wifi yako Domisiana anakuamkia, Adelfina anakuamkia sana, na migomba ya nyuma ya nyumba, ile uliyosema haitafaa kitu, imebeba vizuri mwaka huu. Kuhusu kichwa changu sitasema kuwa ni kizima. Utaona mwenyewe ukiendelea kusoma.

Barua hii anakuletea Deodata, mkwe wa jirani yetu Malongo, ambaye kesho anapanda basi kuja hospitali Biharamulo. Nakuomba uende mjini, upite sokoni, kisha kwa wale mafundi wa zamani jirani na boma waliokuwa wakitengeneza Landrova za serikali, unitafutie spana moja. Ni spana ya inchi, si ya milimita. Waambie tisa kwa kumi na sita, upande mmoja mdomo wazi, upande wa pili ringi. Adelfina amekaa hapa mbele yangu anachambua maharage, na ndiye aliyesema niandike kwa maneno, si kwa tarakimu, usije ukapewa nyingine.

Bila spana hiyo Landrova haitoki uani, na Landrova isipotoka Adelfina haondoki. Najua hapo umeshasimama unauliza Adelfina anaondoka kwenda wapi, na kwa nini wewe shangazi yake hujaambiwa. Kaa chini, dada. Nakueleza, ila mimi mwenyewe sijui hasa mambo haya yalianzia wapi.

Nafikiri yalianzia kwenye gari. Unakumbuka niliuza ng'ombe wawili nikaileta ile Landrova ya mnada, ili nipeleke ndizi na maharage soko la kambini bila kuwabembeleza wenye malori. Domisiana alisema nimebadilisha ng'ombe wanaokula majani kwa ng'ombe anayekula fedha, na mwezi wa kwanza tu nikaona kweli. Mafundi wazuri wa Ngara wote wamechukuliwa na mashirika ya wakimbizi. Aliyebaki alinipa siku ya kurudi kila nilipokwenda, mpaka nikachoka kuiona sura yake. Nikasema basi, gari ni langu, mikono ninayo, nitalifanyia sevisi hapahapa nyumbani.

Nilikwenda soko la kambini nikanunua boksi la spana zinazong'aa, zimepangwa kama meno. Niliona fahari kulibeba. Nyumbani, ya kumi na nne ikakataa kuingia kwenye nati, ya kumi na saba ikaingia ikawa inazunguka bure. Nikachukua plaizi nikakamata ile nati ya kumwagia oili, nikaivuruga pembe zake zote mpaka ikawa mviringo. Wewe unanijua, sikumwambia mtu. Nilirudi kambini kumgombeza yule muuzaji, kumbe hakuwepo, na kwenye meza ya jirani yake alikuwa amekaa kijana mmoja mpole wa kutoka Rwanda anaitwa Fabrice.

Fabrice si fundi, dada. Nataka ulijue hilo, maana watu wa hapa wamemfanya fundi kwa maneno. Kwao Kibungo alikuwa akishona nguo. Kambini alikuwa akinunua vyuma chakavu na kuviuza, na gari alikuwa analijua kwa kulipanda tu. Lakini alinisikiliza nikigomba mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza gari langu ni la nchi gani. Mimi nikamjibu ni la Ngara. Hakucheka. Alisema amewahi kusikia wazungu wakibishana kwamba magari ya zamani ya Kiingereza hupimwa kwa inchi na spana za Kijapani haziyawezi, na kama ninataka, atanitafutia.

Basi akawa ananitafutia. Kila alipopata moja alikuja nayo Bukiriro, tunajaribu pamoja, na tukikosea tunakosea pamoja. Tulijifunza kwamba afadhali spana chache zinazokaa kwenye nati kuliko boksi zima la kupendeza. Tulijifunza kuanzia upande wa ringi, maana ule wa mdomo wazi huteleza. Alileta bisibisi mbili, jeki ya chupa isiyovuja sana, na pampu ya grisi iliyotutapikia sote wawili siku ya kwanza. Beseni la kumwagia oili lilikuwa la Domisiana la kufulia, na hilo sitalieleza hapa. Bei alikuwa akisema tutaongea. Nikimshika sana anasema, mzee, tutaongea.

Sasa dada, soma hapa polepole, maana hapa ndipo mimi nilipopotea.

Tulikuwa tumeshaona kwamba kulala chini ya gari kwenye tope hakuwezekani. Gereji zina shimo, fundi anasimama ndani, gari liko juu yake. Nikasema mbele ya watu wote wa nyumbani kwamba nami nitachimba shimo uani, shida ni kwamba majembe yangu yameisha makali yote, yamebaki kama vijiko. Adelfina alikuwepo. Fabrice hakuwepo, alikuwa amesharudi kambini.

Wiki iliyofuata Fabrice akaja na mfuko wake wa spana, na jembe jipya lisilo na mpini, limefungwa kwenye kitenge, na kibuyu cha pombe ya ndizi. Aliweka vyote mlangoni, akasalimia, akakaa akisubiri. Mimi nikaona spana ya tisa kwa kumi na sita ambayo tulikuwa tumeisaka mwezi mzima, nikasahau vingine vyote. Nilimshukuru kwa spana, nikashukuru kwa jembe, nikamwita Malongo tukanywa. Halafu nikakata mti, nikalitia jembe mpini jioni ileile, nikaanza kuchimba shimo.

Malongo alikuwa ameshika mrija mdomoni ananitazama. Akauliza, "Alfonce, jembe hili umenunua au umeletewa?"

Nikasema nimeletewa. Akauliza kama lilikuja pamoja na kibuyu hiki. Nikasema ndiyo. Malongo akautoa mrija mdomoni, akasema, "Basi mimi nimeshakunywa. Mimi ni shahidi."

Dada, wewe huhitaji kuambiwa. Jembe jipya likija na pombe kwenye nyumba yenye binti, haliguswi. Linaingizwa ndani, wanawake wanalitazama, shangazi anaitwa, anauliza linatoka wapi na linamtafuta nani, na mpaka aseme yeye ndipo linatiwa mpini. Mimi nililitia kabla jasho la aliyelileta halijakauka, na nikachimbia shimo la gari. Hata babu zetu waliopenda pombe kupita kiasi hawakufika hapo.

Nilijiambia labda ni jembe tu. Kijana amesikia mzee hana jembe, ameleta jembe. Atajuaje, ni wa kwao, huenda mambo yao ni tofauti. Lakini Domisiana akasema kwao ni vilevile, hata zaidi. Nikasema kama ni posa mbona hakuja na wazee? Domisiana akanijibu kwamba wazee wa Fabrice wote wako chini ya udongo tangu mwaka tisini na nne, sasa nilitaka aje na nani. Lakini bado sikuweza kumuuliza. Ningemuuliza vipi? Kama lilikuwa jembe tu, ningekuwa nimemtembeza binti yangu kwa mtu asiyemwomba. Kama lilikuwa posa, swali lilikuwa limechelewa, kwa sababu shimo lilikuwa limenifika kifuani. Nikaendelea kuchimba, nikaona ni afadhali.

Hivyo ndivyo tulivyokaa, yeye anakuja na kuondoka, mimi namwangalia usoni siambulii kitu, mpaka wiki iliyopita redio iliposema Wanyarwanda wote warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Najua huko kwenu pia mmesikia. Ijumaa Fabrice akaja, hakubeba chochote. Alisimama uani, nami nilikuwa ndani ya shimo, namwona viatu kwanza. Akasema, "Baba, sina mtu wa kumtuma aje kuchukua jibu. Nimekuja mwenyewe."

Hakuwahi kuniita baba. Nilipanda juu nikasema sijui jibu gani, mimi nililetewa jembe la kuchimbia. Hapo Adelfina akatoka jikoni. Umemlea mwenyewe kila likizo, unajua hapandishi sauti. Alisema, "Mpini uliutia wewe, baba." Basi. Akarudi jikoni.

Baadaye Domisiana alinieleza kwamba wale wawili walikuwa wameshakubaliana tangu mavuno, na ni Adelfina aliyempelekea habari kwamba mzee analia jembe, sasa ndiyo nafasi. Kwa hiyo nimetegwa na binti yangu? Au nimetendewa heshima, nikaletewa posa kwa njia ambayo mtu asiye na ukoo angeweza kuileta? Nalala na hili, naamka na lile. Ukiniuliza kama siku ile nililijua lile jembe, nikisema sikujua nitakuwa nimedanganya, na nikisema nilijua nitakuwa nimedanganya pia. Macho yaliona kitenge. Mikono ilikuwa inataka spana.

Jana baada ya misa tulimwona padri. Amekubali kuwafungisha ndoa Jumamosi hii, kisha waondoke pamoja. Na mimi, kwa kukosa la kusema mbele ya padri, nikasema mtoto wangu hatatembea kwa miguu na mzigo kichwani katika ule msururu wa watu. Nitampeleka na gari mpaka darajani Rusumo, nimwone akivuka. Wote wakafurahi. Kilichobaki ni nati za propela tu, ule mtaimbo wa chini unaozungusha magurudumu, na hizo ni za tisa kwa kumi na sita, na spana ndiyo hiyo imepotea. Tumeitafuta nyumba nzima. Leo asubuhi Fabrice ameshuka shimoni akawa anachekecha udongo kwa vidole, bonge kwa bonge, huku mvua inamnyeshea mgongoni.

Sasa Adelfina ameinuka, amechukua ndoo, amekwenda kisimani. Naandika haraka.

Dada, spana usiitafute. Ninayo. Iko mfukoni mwa koti langu hivi ninavyokuandikia, na nikiinama inanigonga ubavu. Jana jioni nilikuwa namalizia zile nati. Nilimsikia Adelfina ndani anaimba, anakunja nguo zake, anamuuliza mama yake kama kule kuna baridi. Nikasimama na spana mkononi. Gari limepona kabisa, dada, imebaki nati moja, kazi ya dakika mbili. Nikaitia spana mfukoni nikatoka shimoni, na waliponiuliza nikasema siioni. Sikupanga kusema hivyo. Ilitoka tu, na tangu hapo sijui namna ya kuirudisha.

Simchukii kijana. Nampenda, na hilo ndilo linalonivuruga zaidi. Ningekuwa namchukia ningerudisha jembe nikalala. Lakini anampeleka mtoto wangu kwenye nchi ambayo yeye mwenyewe hajui kama nyumba yao ina paa, au ina watu wengine ndani. Nikimwambia abaki, sheria haimruhusu. Nikimwambia Adelfina abaki, atabaki, ananiheshimu, na nitamwona kila siku akipita pembeni mwa lile shimo.

Wewe ndiye shangazi. Kila mtu hapa amesema, hata Malongo na mrija wake, isipokuwa wewe, na bila neno lako hakuna kilichosemwa. Njoo kabla ya Jumamosi. Kaa ndani na Adelfina kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, umuulize, kisha utoke uniambie. Ukisema aende, nitaitoa spana mbele yao wote na nitakubali aibu yangu. Ukisema asiende, itabidi wewe ndiye umwambie Fabrice aache kuchekecha udongo, maana mimi siwezi.

Msalimie sana shemeji, mwambie ule mche wa kahawa aliotuahidi bado tunausubiri. Wabusu wajukuu. Usije na zawadi yoyote, njoo na miguu yako tu, na kama goti linasumbua mwambie dereva akushushe njia panda, nitakuja kukupokea kwa baiskeli.

Nasikia ndoo inatua. Adelfina ameingia, nywele zote zimelowa, ameniuliza kama nimeandika vizuri namba ya spana, shangazi asije akakosea. Nimemwambia nimeandika.

Mimi mdogo wako anayekusubiri,
Alfonce