Mbao Zangu Uliondoka Nazo

Baba Namkunda,

Amka kidogo, usingizi utaumaliza baadaye.

Ukungu ukishuka kutoka msituni mchana hupenya kwenye nyufa za huu mlango wa mabanzi, ukakaa kwenye kigoda chako. Nasikia harufu ya maranda. Natandika mkeka, nasema, "Karibu, umechelewa." Kisha jua linatoka, na kigoda ni kitupu.

Mke wa seremala kufungia nyumba mabanzi! Zile mbao za mninga ulizokausha darini kwa ajili ya mlango wangu, kila mwaka "mwakani, mama, mwakani," siku ulipokufa wakaziteremsha wakakutengenezea jeneza. Iliniuma. Uliondoka na mlango wangu mgongoni.

Basi nimeagiza mwenyewe. Miaka yote mimi nilishika mwanzo wa futi yako ya chuma, wewe ukasoma mwisho. Safari hii mwanzo nimeukandamizia jiwe la kusagia. Nikapima juu, katikati, chini, maana ulisema nyumba hudanganya. Kweli, chini kumezidi kidole kizima! Mwenyewe uliijenga, usinikatalie.

Nikashuka mjini Same. Muuzaji ananionyesha mbao mbichi, nzito kama ndama, pembeni nyeupe, chakula cha dudu. Nikamwambia, "Hizi kawauzie wageni." Akacheka: "Bibi, wewe unajua mbao?" Nikamjibu, "Nimeolewa nazo."

Mlango ni futi saba, nikaagiza mbao za futi nane, maana msumeno nao hula. Unene inchi mbili, randa ikishakula ibaki moja na nusu. Upana inchi nane. Mlango unataka mbao tano. Nikasema kumi.

"Umekosea hesabu, Bibi."

Sijakosea. Sasa zote ziko darini, zimepangwa na vijiti katikati zipate hewa, kama ulivyopanga zako. Tano ni za mlango. Tano nyingine nimeziandika jina langu kwa mkaa, ili siku yangu ikifika mtu asije akang'oa mlango kunitengenezea jeneza.

Lala sasa. Zikikauka, fundi uliyemfundisha ataupachika mlango, na ninaahidi nitaufungua na kuufunga mpaka bawaba zichoke. Hapo ndipo nitakuja. Ukungu ukikuleta kabla ya hapo, bisha hodi. Nyumba hii itakuwa na mlango.

Mama Namkunda