Kompyuta ya Girish

Ketaki, nakuandikia nikiwa bado kazini.

Si unajua kila asubuhi nakunywa chai huku nikifuta kila kitu kilichomo kwenye kompyuta za walioondoka kazini? Leo ilikuwa zamu ya ile ya Girish, fundi aliyekufa boila ilipolipuka. Kifunikoni bado kuna kibandiko chake cha mungu Ganpati.

Kufuta kulipofika asilimia mia tu, mlango ukafunguliwa. Madam Phadnis, wakili wa kampuni! Hajawahi kushuka kwetu.

"Binti, ya Girish iko wapi?"

Nikamwonyesha. Tupu.

Tupu kabisa, Ketaki. Na mjane wake yuko mapokezi, anataka picha za ufa wa boila alizopiga mumewe. Zilikuwa humo tu. Nikifumba macho naiona ile mia.

"Si niliwaandikia kurasa nne kwamba mzihifadhi nyaraka husika?" Madam akauliza.

"Barua tumeihifadhi, Madam. Iko kabatini."

Nilimjibu hivyo, Ketaki! Kwa adabu kabisa! Nani alituambia kompyuta nayo ni nyaraka?

Akakaa kwenye kiti changu, akakigusa kile kibandiko kwa kidole.

"Nilimaanisha msifute," akasema polepole. "Nilipaswa kushuka ngazi niwaambie hivyo tu. Msifute."